Mstari wa Mjomba

Makote, Jumatano

Nimemsahauje mjomba? Mimi, niliyelelewa na mjomba hapa hapa Newala, ambako mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mtoto wa dada yake!

Mpango wa Somoe, mwanafunzi wangu wa miaka saba asiyesikia, tuliukamilisha wiki iliyopita na wazazi wake. Mama yake angekuja darasani kila Jumatatu kujifunza ishara, na mwakani mtoto aende shule ya bweni ya viziwi. Fomu ilikuwa na mistari miwili, wa baba na wa mama. Wote wakatia dole gumba. Nikafurahi kama mjinga.

Leo kaka wa mama yake amekuja shuleni. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Mwalimu, mtoto wa dada yangu anapelekwa bwenini, mimi nakuja kusikia sokoni?"

Nikaomba radhi, nikatoa kalamu nimchoree mstari wa tatu, chini ya wazazi, kana kwamba yeye ni wa mwisho. Ndipo akawaka kabisa.

"Atakaa nyumbani alinde korosho. Siku hizi wanunuzi binafsi wanazifuata mpaka mlangoni, lazima mtu awepo."

Mama Somoe alisimama nyuma yake, macho chini. Baba Somoe hata hakuja. Mbele ya shemeji yake, hana kauli.

Sasa nimtume nani kwake? Mwalimu mkuu ni mgeni huku, na mimi nimeshaharibu. Nikienda mwenyewe, atawaka upya...

Somoe hakuelewa kitu. Alipovutwa mkono na mjomba wake kutoka mlangoni, aligeuka akanifanyia ishara ya kwanza niliyomfundisha: kesho.

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa ishara ileile.