Kamiyo Yetu, Lori Lako

Kwako Baba, uliye ng'ambo ya ziwa,

Ujumbe wako ulinifikia, imepita wiki ya tano sasa. Mwenye mashua aliyeleta chumvi kutoka Kigoma alinifuata mpaka shuleni, akaniita nje ya darasa, akanipa maneno kama ulivyomtuma: "Baba yako amesikia umeoa. Anasema lile jiwe la tatu mumuwekee. Atakuja kuliweka kwa mkono wake." Nikamshukuru. Nikarudi darasani, nikawaambia wanafunzi waendelee kuandika, na mimi nikasimama dirishani mpaka kengele ilipolia.

Barua hii nimeiacha wazi, bila gundi. Sijui huko uliko nani anakusomea, na simwonei haya yeyote atakayeifungua njiani. Kwa ajili yake nieleze kidogo. Katika ukoo wetu nyumba mpya haianzi kwa paa, inaanza kwa mafiga. Jiwe la kwanza huwekwa na mama wa mume, la pili na shangazi wa bibi arusi, la tatu na baba wa mume. Mpaka hilo la tatu likae, mke mpya hapiki kwake. Anapika kwenye jiko la mama mkwe, na majirani huwahesabu wote wawili kuwa wageni wa mama. Hilo ndilo jiwe uliloniomba. Miaka mitano hukuwahi kuuliza hata kama nimekula.

Nimeoa, Baba. Jina lake ni Mariamu, wa Ubwari, na nikiliandika jina hilo mkono unataka kuliandika tena. Asubuhi nikienda shuleni nageuka njiani mara tatu, na mara zote tatu namkuta bado yuko mlangoni, ananicheka. Walimu wenzangu wanasema nimelewa bila pombe. Waseme tu. Hawajamwona akipepeta mchele huku akiimba tenzi za kanisani na kuyabadilisha maneno pale alipoyasahau. Hawajui kwamba akinipa maji ya kunawa huninyunyizia kidogo usoni, halafu hutazama pembeni kana kwamba ni mvua. Nilitaka nikuandikie furaha tupu, kurasa nne za furaha. Lakini kila nikianza nakukuta wewe umekaa katikati ya njia.

Unaikumbuka barabara ya Fizi? Likizo nikirudi kutoka misioni ulinipandisha mbele ya ile kamiyo uliyoiendesha, tukapanda mlima na magunia matupu, tukashuka na pamba. Kwenye ile kona kali juu ya bonde ulisimamisha, abiria wote wakashuka watembee, na mimi nikakimbia nyuma na gogo la kuzuia gurudumu. Ulitoa kichwa dirishani ukanipigia kelele: "Mwalimu, weka vizuri! Usiogope, kamiyo haiumi mutoto yangu." Uliniita mwalimu kabla sijawa mwalimu. Abiria walicheka, na mama mmoja mwenye kuku akasema, "Huyu mwalimu wako iko natetemeka." Ukamjibu, "Anatetemeka, lakini gogo haitetemeke." Siku ile nilijiona mrefu kuliko mlima wenyewe.

Na njiani ulinifundisha majina. Sisi wa Baraka, upande huu wa ziwa, tunasema kamiyo. Bibi, mama yako, aliita motokari kila kitu chenye magurudumu, hata baiskeli ya katekista. Askari waliorudi kutoka Stanleyville walisema mutuka. Ile inayoinua mgongo na kumwaga mchanga ni bene, na ile inayovutwa nyuma ya nyingine ni rimoki. "Na Kigoma?" nilikuuliza tukiwa Swima, mto umejaa, tunangoja maji yapungue. Ukatema mate nje ya dirisha. "Kule banasema lori. Neno ya bavivu hii, inaisha mbele ya kuanza." Tulicheka mpaka ukafuta machozi kwa kitambaa cha mafuta, ukabaki na mstari mweusi shavuni. Kesho yake nilitafuta daftari, nikachora mistari, nikaandika juu: Baraka, Uvira, Albertville, Kigoma. Kila likizo tuliongeza neno. Breki kwao, fre kwetu. Petroli kwao, esanse kwetu. Nilidhani tunajenga kitu, mimi na wewe.

Kisha ukaja ule mwezi wa saba. Ulikuwa umepotea miezi mitatu. Ulisema kamiyo ilikufa Uvira, ukakaa huko kungoja chuma kiletwe kutoka Usumbura. Tulikaa kula mchana, wewe, mama na mimi, bugali, sombe ya majani ya muhogo na vidagaa vya ndakala. Ulikuwa na furaha, unasimulia matope, unatuchekesha kama zamani. Ukasema, "Ile lori ilizama mpaka nikasema leo tutalala hapa. Breki hakuna, petroli imebaki kidogo." Mama alikuwa anakumegea bugali.

Nami, Baba, kijana wa masomo, niliyekaa chini ya ubao miaka yote ile, nilifurahi kukushinda. Nilicheka. Nikasema, "Baba, lori? Uvira yote banasema kamiyo. Na breki, na petroli! Hayo maneno yote matatu ni ya Kigoma." Nikainuka, nikaleta daftari, nikamsomea mama ule mstari, Kigoma: lori, breki, petroli. Nilisoma kwa sauti ya mkaguzi wa shule.

Mama aliweka kijiko chini. "Kigoma?"

Ukacheka. "Maneno inatembea, Mama Elisha. Badereva banakutana njiani."

"Badereva banakutana na neno moja," mama akasema. "Weye umerudi na tatu."

Alikumalizia bugali, akakupa maji, akatoa vyombo. Wiki ile ile wavuvi walisema waziwazi yale waliyokuwa wamenyamazia: una nyumba Kigoma, una mwanamke, unaendesha gari la Mhindi mmoja huko, na hiyo Uvira hukuikanyaga. Ukafunga sanduku lako dogo la bati. Nilikusindikiza mpaka penye mitumbwi kwa sababu sikujua mtoto afanye nini wakati kama ule. Nilibeba sanduku. Ulilichukua mkononi mwangu na ukaniambia neno la mwisho nililolisikia kwako: "Masomo yako ndiyo imevunja hii nyumba."

Ukapanda mtumbwi. Sikuona kama uligeuka, maana mimi sikuangalia.

Neno lile nimelibeba miaka mitano, Baba. Nililibeba darasani, nikiuliza swali na kunyamaza katikati kwa kuogopa jibu. Nililibeba jikoni kwa mama, nikimwangalia anavyokata sombe, nikijiuliza kama ananichukia. Daftari nililitia moto. Ulichukua mke wa pili, ukachukua uongo wa miezi mitatu, vyote ukavifunga katika mzigo mmoja na kuutwika mwanafunzi wa miaka kumi na minane, kisha ukavuka ziwa na kile kisanduku cha bati tu. Ulitoka mwepesi.

Halafu nikamkuta Mariamu, na tazama jinsi nilivyomkuta. Kamiyo ya pamba ilikuwa imezama mchangani hapa Baraka, karibu na soko la samaki. Tulikuwa wanaume kumi na zaidi tunaisukuma, tunaimba. Msichana mmoja mwenye beseni la mawese kichwani alisimama kututazama. Alikuwa amelelewa na shangazi yake Kigoma miaka kadhaa, hilo sikulijua bado. Akasema, "Kaka zangu, hilo lori halisukumwi kwa nyimbo. Tieni matete chini ya magurudumu."

Lori. Nililisikia neno lile nikageuka kama mtu aliyekuona wewe ukishuka kutoka kwenye mtumbwi. Nikamjibu vibaya. Nikasema, "Hapa kwetu ni kamiyo, dada." Akanipima kutoka miguuni mpaka kichwani, nimejaa mchanga hadi magotini. "Basi kamiyo yenu imekwama. Lingekuwa lori, lingekwisha kutoka." Wanaume wote walinicheka. Tukaenda kukata matete, tukayatia, gari likatoka. Nami nikatafuta nyumba anayofikia.

Nilimpenda pamoja na neno lake. Nilidhani limepona ndani yangu. Halikuwa limepona.

Baada ya harusi, ujumbe wako ulipokuja, mama alisema tungoje. "Ni baba yako," alisema, bila kitu kingine. Tukangoja. Jiwe la tatu liliegemea ukuta wa nje, Mariamu akawa anapika kwa mama. Mashua ikaja bila wewe. Ikarudi tena wiki ya tatu, na yule mwenye chumvi akasema, "Anasema bado. Lori ina safari." Majirani wakaanza kumuuliza Mariamu, kwa sauti zile tamu, kama nyumba yake bado ni ya kuazima. Hakunilalamikia. Nilimsikia tu ameacha kuimba.

Juzi Jumamosi, mchana, wote watatu tulikuwa jikoni kwa mama. Injini ikasikika juu, upande wa barabara ya Fizi. Mariamu akainua kichwa kwa furaha. "Mama, nasikia lori linashuka. Labda ni baba amekuja kwa njia ya juu."

Nikamkemea. Baba, nilimkemea mke wangu. Nilisema, "Usitaje neno hilo katika nyumba hii," kwa sauti ambayo sikuijua. Mariamu aliweka mwiko juu ya kifuniko, polepole, akatazama moto. Ile sauti naijua sasa. Ilikuwa yako, ile ya penye mitumbwi. Nilikuwa nimemtwika mtu asiye na kosa mzigo wa mtu mwingine.

Ile kamiyo ilipita bila kusimama, na mama akasema bila kuacha kazi yake. "Elisha. Neno imekukosea nini?"

"Mama, unajua."

"Mi najua kukupita." Akapangusa mikono. "Siku ile mulikula hapa, baba yako alikuwa amevaa shati ya buluu. Kifungo ya pili ilishonwa na uzi mweusi. Mi sina uzi mweusi kwa nyumba. Nilikuwa nimeiona toka asubuhi, wakati nilifua."

Nilikaa chini. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja aseme yeye. Nilimupikia vizuri ili apate nguvu ya kusema. Weye ukaleta daftari, basi akapata mahali pa kujificha." Kisha akamgeukia Mariamu. "Binti yangu, sema lori. Sema yote ulifundishwa na shangazi yako. Huyu bwana yako alikuwa na deni ya mutu ingine, leo nimeifuta."

Miaka mitano, Baba. Wewe ulijua kilichovunja nyumba, mama alijua, hata kile kifungo kilijua. Mimi peke yangu ndiye niliyeamini ni daftari. Ningeweza kukusamehe huyo mwanamke wa Kigoma, wanaume wengi wamefanya hivyo na ziwa halikukauka. Lakini yale maneno uliyompa mwanao badala ya kwaheri, hayo sijui nayaweka wapi.

Mama akatoka. Tulimsikia anavuta pumzi nje, tukamfuata. Alikuwa ameliinua lile jiwe la tatu, zito kuliko yeye, akanikataza nisimsaidie. Alivuka nalo uwanja mbele ya macho ya majirani, akaingia kwetu, akalikalisha kando ya yale mawili. Mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa anapita alisema mlangoni, "Mama Elisha, hii si kazi ya mwanamuke." Mama akamjibu akiwa bado amechuchumaa, "Basi ungeileta weye, mbona ulikuwa unapita kila siku?" Mzee akaendelea na safari yake.

Mariamu aliwasha moto. Nilimwomba radhi mbele ya mama, nikiwa nimepiga magoti kumpulizia kuni, na moshi ukanisaidia kuficha uso. Alininyunyizia maji. Tukala ndizi kwa samaki, chakula cha kwanza cha nyumba yangu, na kilikuwa na chumvi nyingi, na sijawahi kula kitu kitamu namna ile.

Kwa hiyo hili ndilo jibu la ujumbe wako. Usije kwa ajili ya jiwe. Mahali pake pamekaliwa. Ukija kwa sababu nyingine, njoo. Njia unaijua, na ukiwa umeisahau uliza penye mitumbwi nyumba ya mwalimu. Mariamu atakutandikia mkeka, atakupa maji ya kunawa, utakula mpaka ushibe, maana mama hakutufundisha kumnyima mtu bugali. Tutakuuliza habari za Kigoma, na wewe utazisema zote kwa maneno ya huko bila kujificha. Kisha jua likianza kushuka nitakusindikiza mpaka majini na kukutakia safari njema, kama tunavyowafanyia wageni wote.

Baki salama huko uliko.

Mimi,
mwana wa Mama Elisha, mume wa Mariamu.