Ndege Inayodhani Tembe ni Ng'ombe

Jumatatu, 16 Juni 2025

Sepuka. Upepo tangu asubuhi, macho yamejaa vumbi.

Nimelipata kosa. Au tuseme limenipata lenyewe, maana nilikuwa natafuta kitu kingine. Ndege yetu ya betri — haina rubani, inaleta dawa na damu zahanati — ina rada tumboni inayopima kimo chake kutoka ardhini. Rada hiyo ndiyo kazi yangu. Leo ndege ikishuka kutua, nikaona kwenye kompyuta: ardhi imepanda ghafla mita mbili na kitu, halafu ikarudi chini. Ndege haikujali! Ikaendelea kushuka tu.

Nikatoka kwenda kuangalia ni nini. Nyumba ya shangazi Yunisi! Tembe lake ninamolala. Paa la udongo, bapa, rangi ileile ya shamba. Na shangazi mwenyewe juu yake, anageuza mtama kwa mguu, kama kila mwaka baada ya mavuno. Ndege hupita hapo mita nne tu kutoka ardhini.

Kwa nini haikujali? Tuliifundisha sisi wenyewe. Tulipokuwa tunajaribu Kintinku, kila kundi la ng'ombe lilipopita chini, ndege iliruka juu kama mbuzi aliyeshtuliwa. Bosi Damiani akaagiza programu ipuuze chochote kifupi kinachopita haraka. Ikapuuza. Sasa tembe nalo ni kundi la ng'ombe.

Nani anaanika mtama mgongoni mwa ng'ombe?

Jumanne, 17 Juni 2025

Nimemwambia Damiani. Amesikiliza vizuri, hilo sikatai. Kisha akasema matembe yamekwisha, watu wote wameezeka bati. Nikamwambia asubuhi hii nimenywa uji ndani ya tembe. Akacheka. Tutarekebisha baada ya Jumamosi, anasema, wageni wa Dodoma wakishaiona ndege na kuondoka. Tukiiondoa ile amri sasa, ndege itaruka kila ikiona ng'ombe, mradi utachekwa.

Acha uchekwe! Nimesema moyoni tu. Kesho nitasema kwa mdomo.

Jumatano, 18 Juni 2025

Nimesema kwa mdomo. Akasema natafuta umaarufu. Haya.

Basi nimesimamisha mti juu ya tembe, nikauvisha kanga, urefu wa shangazi — na shangazi si mrefu. Damiani alikuwa anarusha ndege kwa jaribio la kawaida, rimoti mkononi. Imekuja, imeshuka, propela imeichana kanga, ikatua zahanati salama kabisa, kipande kinaning'inia kwenye bawa. Wauguzi wakapiga makofi. Walidhani ni bendera!

Damiani akasema kitambaa si mtu, mtu angeisikia akainama.

Angeisikia wapi? Ya betri hiyo, haisikiki mpaka imefika. Na inatua ikielekea upepo, kwa hiyo sauti yote inapelekwa nyuma yake.

Shangazi naye kanigombeza. "Kanga yangu ya kwendea kanisani unauvisha mti? Ndiyo mliyofundishwa chuoni hayo?" Nimemwomba radhi. Baadaye nimemsikia jikoni anacheka peke yake.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Upepo umezidi, hatukurusha. Nimekasirika siku nzima.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Damiani amekuja nyumbani! Shikamoo mama, akakaa kwenye kigoda, heshima zote. Akamwomba shangazi kesho asipande juu. Siku moja tu.

"Na keshokutwa?"

Keshokutwa tutakuwa tunarekebisha, mama.

"Sasa mbona hamrekebishi leo?"

Damiani akaniangalia mimi, kana kwamba nimemfundisha maneno. Sijamfundisha neno! Shangazi akaendelea: "Hili paa kalijenga marehemu mume wangu. Njaa haikunihamisha hapa, baba. Wewe na tiara yako ndio mtanishusha?"

Nje, Damiani akanigeukia mimi. Kesho kabla ndege haijaruka, natakiwa nitamke kwenye redio: kimo sawa. Nisipotamka, atatamka yeye, na Jumatatu nisijisumbue kuja.

Mwezi ujao ndege inaanza kwenda Mungaa. Huko nako kuna matembe, nimeyaona. Huko watu hawana mpwa wa kuwasimamishia mti.

Naogopa. Naipenda kazi hii, hata usingizini naiona. Lakini kimo si sawa. Sitamki kwamba ni sawa, hata wanifukuze mara mbili!

Jumamosi, 21 Juni 2025

Nimetamka. Kwenye redio, wote wanasikia: kimo si sawa. Damiani akaichukua redio, akasema kimo sawa, endeleeni. Wageni walikuwa wanakunywa chai. Hakuna aliyegeuka.

Nikaondoka. Sikukimbia. Nimepanda ngazi mpaka juu ya tembe. Nimemwomba shangazi ashuke, aniachie mimi. Nimembembeleza, nimemshika mkono. Amekataa! Mtama wake, paa lake. Ubishi wangu najua nimeurithi wapi.

Naandika nimesimama, upepo unavuta karatasi. Kutoka hapa naiona zahanati yote, turubai, viti vya wageni. Flora, mmoja wa wauguzi, anatupungia mikono tushuke. Wageni wengine wamesimama sasa, wananyoosha vidole huku.

Sawa. Angalieni vizuri!

Ndege imesharuka. Imezungukia magharibi, nyeupe, ndogo, kimya. Simu inaita.

Damiani. Nishuke, nishuke upesi, nisimharibie. Nimemwambia rimoti unayo wewe, kitufe cha kuipandisha unakijua, kibonyeze mbele ya wageni wako. Amekata.

Imeanza kushuka. Inakuja moja kwa moja kwetu.

Shangazi ameacha kugeuza mtama. Ameniuliza kama hiyo ndege inatuona.

Nimemwambia haituoni, shangazi. Anayetuona ni Damiani.