Kanda za Baba Juu ya Chetezo

Jumatano, 31 Oktoba 2007. Joto limepungua, hasira hazijapungua.

Nimerudi sasa hivi kutoka Bustan, kwa kaka yangu. Nisipoandika nitampigia mtu simu nimwambie maneno yasiyorudi. Bora niandike.

Wifi yangu Salma, mke wa kaka yangu Khalfani, kazifukiza ubani kanda za Baba.

Naam, kanda za video! Kachukua chetezo, katia makaa, katia ubani, halafu kazishika kanda moja moja juu ya moshi ili shetani atoke. Plastiki na makaa, toba! Zimejikunja zote, zimeshikana, huwezi kuzitia hata kwenye mashine. Imepona moja tu, na hiyo kwa sababu ilikuwa imeangukia nyuma ya kabati. Shetani sijui kama katoka.

Nieleze, maana asomaye hapa hajui. Baba yangu, ujanani kwake Unguja, alikuwa mkata tiketi wa sinema. Taa zikizimwa alikuwa akisimama pembeni akiwafasiria watu picha kwa Kiswahili, na Kizungu chenyewe hakijui. Anabuni tu. Watu walikuwa wakija kumsikiliza yeye. Hapa Maskati akawa dereva wa mzungu mmoja, na mzungu huyo alipoondoka, miaka ya tisini, akamwachia kanda za picha za kutisha za zamani, nyeusi na nyeupe, maiti zinafufuka, milango inalia. Akamwambia kwao huangaliwa siku ya mwisho ya Oktoba, Halowini, siku yao ya mashetani. Basi Baba akaishika siku ile kuliko wenyewe. Kila mwaka mapazia yanafungwa, tunakaa chini na bakuli la bisi, Baba anafasiri.

Na utamu wote ulikuwa hapa: zimwi alilibandika jina la mtu aliyemuudhi. Mwaka mmoja lilikuwa mwenye nyumba wetu. Mwaka mwingine mwalimu wangu wa hesabu, aliyenichapa bure. Na yule msichana anayekimbizwa, yule mwenye mshumaa, siku zote alikuwa mimi.

Tangu apate kiharusi, Baba anakaa kwa Khalfani. Maneno yamekuwa machache, na mengine hayana kichwa wala miguu. Usiku hushtuka akapiga kelele. Salma keshaamua: ni zile picha. Ati mashetani ya wazungu yamemkaa. Mtu anakunywa dawa za presha, yeye anatafuta shetani!

Simpendi Salma. Nalisema hapa kwa sababu hapa ni kwangu. Simpendi anavyozungumza kwa sauti ya chini utadhani kila mtu mgonjwa. Simpendi anavyonambia "karibu, wifi" ndani ya nyumba ya kaka yangu, kama mie mgeni. Na ile sura yake ya kuvumilia ndiyo siiwezi kabisa.

Nilifika baada ya alasiri, nimetoka kazini moja kwa moja, bisi mkononi. Nyumba nzima inanuka ubani na plastiki iliyoungua. Kuuliza, akanambia bila hata haya: "Wifi, nimeona nizisafishe kwanza, usije ukamuwekea Baba kitu kichafu."

Nikamwambia kichafu ni akili yake. Nilisema mbele ya watoto wake, na sijuti. Anayejibu unaweza kugombana naye ukamaliza. Huyu hunyamaza akenda jikoni.

Nikaitia ile kanda iliyopona, nikafunga mapazia mwenyewe. Baba kwenye kiti chake. Salma akaja akakaa karibu na mlango, chetezo chake miguuni kinafuka, tayari kwa vita. Nikasema moyoni, vizuri, kaa hapo hapo, bibi wee. Maana nilijua. Baba akifungua mdomo leo, zimwi lina jina tayari. Nilikuwa nalisubiri kama mtoto anavyosubiri Idi.

Picha ikaanza. Msichana akawasha mshumaa. Ngazi zikalia. Maiti ile ndefu ikatoka gizani, makucha mbele. Baba akainua mkono wake mzima, na sauti ikatoka ile ile ya zamani, ya kumfikia aliyekaa kiti cha mwisho.

"Huyo, jamani! Huyo anakuja! Zuwena huyo!"

Zuwena ni mimi.

Nikacheka, nikadhani kachanganya. Nikamwambia, "Baba, mie ndiye wa mshumaa."

Hakuniangalia hata. Macho yake yako kwenye picha. "Zuwena haonekani mwaka mzima. Ikifika siku ya mashetani, huyo! Anakuja, anapiga kelele, anakwenda zake." Kisha akamuonyesha yule msichana kwa kidole. "Na huyu Salma. Masikini, hajalala. Anakesha na mshumaa wake. Salma, mwanangu, funga mlango!"

Mwaka mzima, uongo! Nilikuja Idi. Nilikaa kiasi cha halua na kahawa, lakini nilikuja.

Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Salma hakucheka. Laiti angecheka, ningepata pa kumshika. Aliinuka akamfuta Baba mate pembeni ya mdomo kwa ncha ya mtandio wake, na Baba akageuza uso kumpa, kabla hata mkono haujafika. Kisha akanambia kwa ile sauti yake ya chini, "Usimsikilize, wifi. Anafasiri tu."

Nikangoja maiti irudi kaburini, nikambusu Baba mkono, nikaondoka. Bisi nimewaachia watoto.

Siku zote nasema Bustan mbali. Mimi naishi Mabela, kuna foleni, kuna kazi, kuna wanangu. Mbona leo nimekwenda, nimegombana, nimerudi, na chakula cha usiku nimewahi kupika?

Bado simpendi. Kanda zile sitomsamehe, zilikuwa za Baba na zilikuwa zangu. Lakini nna hasira za kujaza nyumba hii na sijui nizipeleke wapi, maana kila nikizielekeza Bustan naiona ile ncha ya mtandio.

Kesho Alkhamisi, hapa Maskati ni mapumziko ya wiki, hakuna kazi, na si siku ya mashetani ya mtu yeyote. Nikenda nikabisha mlango ule mikono mitupu, nikamwambia Salma nenda kalale, leo nakaa mie, Baba ataniita nani?