Besi ya Mbao za Kitanda

Jumanne, 6 Agosti 2024

Patrice anahamia Moba! Amepata kazi bandarini kule. Alitangaza jana baada ya mazoezi, kwaya nzima ikampigia makofi, na mimi nikapiga. Kisha nikakumbuka — besi, lile gitaa la nyuzi nne, ni yake. Miaka mitatu ninapiga besi ya kwaya, na miaka mitatu nimesahau kwamba si ya kwaya. Anaondoka nayo mwisho wa mwezi.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi mshonaji, ilibidi nilijue hilo kabla ya watu wote.

Papa Chérubin, mkubwa wa kwaya, hana wasiwasi. Anasema kibodi kina besi ndani yake, mkono wa kushoto unatosha, na mimi nirudi kwa akina mama wa sauti ya pili. Yubile yetu ya miaka ishirini na tano ni tarehe 15 Septemba. Nikamjibu sawa, Papa. Si sawa hata kidogo. Kwenye sauti ya pili nikinyamaza hakuna anayejua. Besi ikinyamaza, kanisa lote linageuza shingo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nitatengeneza yangu. Nimeshaandika, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Marehemu baba alikuwa seremala wa reli. Msumeno wake, randa na patasi tatu ziko kwenye sanduku chini ya kitanda. Mtaka cha uvunguni sharti ainame — nimeinama. Randa ina kutu, lakini kutu ni kitu cha kusugua tu.

Patrice amekubali nichukue vipimo. Nimetandaza karatasi ya kukatia nguo juu ya besi yake nikaichora yote, mwili, shingo, na kila mstari wa chuma ambapo kidole kinakaa. Ameniuliza kama nitaishonea na mifuko.

Ghislain, fundi wa redio na simu, atanisaidia upande wa umeme. Ana vifaa vya besi moja iliyokanyagwa na lori: ile sumaku inayosikia nyuzi, yeye anaiita mikro, na vifungo vinne vya kukazia nyuzi. Vingine vyote vilikuwa vijiti vya kuwashia moto.

Jumamosi, 10 Agosti

Mbao za sokoni zote mbichi. Muuzaji mwenyewe ameniambia ukweli: ukichonga shingo kwa mti huu leo, kufika Krismasi imekuwa upinde. Nisubiri mwaka. Mwaka!

Nimerudi nyumbani, nimekaa kitandani kuwaza. Kitandani! Mninga mtupu, umekauka miaka kumi na mmoja, tangu Aristide alipokileta tulipooana. Kichwa chake kina unene wa sentimita nne na nusu. Ubao wa pembeni umenyooka kuliko njia yoyote ya mji huu. Nimeugonga kwa kidole, ukalia vizuri sana.

Mume wangu yuko Kiambi, anaendesha lori la mahindi, mwaka wa tatu sasa. Kila mwisho wa mwezi anapiga simu, anauliza habari za paa. Ninamwambia paa lipo.

Nimetoa godoro, nimetoa misumari. Kabla ya saa sita kitanda kimelala uani vipande vipande na mimi ninapiga mluzi. Jirani yangu Bijou akapita na ndoo kichwani, akasimama, akauliza kama niko salama. Niko salama kabisa.

Jumatano, 14 Agosti

Watu watatu wamekuja kunipa pole! Wa mwisho alikuja na khanga ya msiba begani na unga wa muhogo kwenye beseni. Wote wameona kitanda nje, wamehesabu kwamba Aristide amefariki. Nimewaonyesha mbao, karatasi, msumeno. Mmoja alikataa kuondoka mpaka nimpigie Aristide simu. Hakushika. Haikusaidia.

Unga umebaki hapa. Ni mzuri.

Jumamosi, 17 Agosti

Mama mkwe alifika asubuhi, amevaa vile vitambaa vyake vya safari. Mama Françoise hapigi kelele. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za mashine yangu ya kushonea, kisha akatazama chumba cha kulala, godoro liko chini.

"Fortunée, kitanda kinatokaka mu nyumba mara mbili," akasema. "Muntu akufe, ao ndoa ikufe. Yako njo gani?"

Nikacheka. Nikamwambia hakuna kilichokufa, Mama, ni mbao tu, ninatengeneza besi ya yubile. Nikamwonyesha mwili wa besi ambao nilikuwa nimeukata jana. Akaupitishia kiganja polepole, maana ni mwanamke anayejua kitu kilichokatwa vizuri. Akasema kama ni mbao nilikuwa ninataka, kwake kuna kabati nzee, ningemwomba. Akaondoka bila kumaliza chai.

Ningemwomba, kweli. Kwa nini halikunijia kichwani? Basi. Kimeshakatwa.

Alhamisi, 22 Agosti

Mpumbavu mimi! Mpumbavu mwenye cherehani!

Shingo imechongwa, nyembamba, tamu mkononi. Jioni nimepima: mstari wa kumi na mbili lazima ukate uzi nusu kwa nusu, la sivyo kila noti ni uongo. Si nusu. Nimepima tena. Si nusu. Nimechukua karatasi, nimelaza juu ya mti — na nimeona. Pale juu, kwenye kichwa cha shingo, nimekata sentimita moja nje ya mstari. Nimeacha nafasi ya mshono! Miaka kumi na minane ya magauni, mkono umejiendea wenyewe. Mbao na mshono wapi na wapi!

Nimekaa chini nikacheka mpaka nikalia kidogo. Dawa ni rahisi kumbe: ule mfupa mdogo unaobeba nyuzi pale juu ninausogeza mbele sentimita moja. Mfupa wenyewe wa ng'ombe wa Pepa, muuza nyama amenipa bure. Nimeusogeza, nimepima, nusu kwa nusu. Nikimshonea besi mtu mwingine nitajua.

Jumanne, 27 Agosti

Sipoku za baiskeli! Ishirini. Ndiyo mistari yangu ya chuma. Nimezikata, nimezilaza kwenye mifereji ya shingo kwa gundi ya chuma, kila moja nimeipiga tupa. Vidole vyangu vimekuwa kama mihogo iliyotafunwa na panya. Patrice alipita kuaga, akapima kwa jicho, akasema ya kwake ya dukani haikunyooka hivi. Kisha akafunga besi yake kwenye blanketi akaenda kupanda boti. Nimeitazama mpaka kona. Nilikuwa ninaipenda ile takataka.

Jumamosi, 31 Agosti

Mwisho wa mwezi. Simu haikulia. Nimepaka vanishi mara ya pili.

Alhamisi, 5 Septemba

INAPIGA!

Ghislain amelehemu nyaya, tumeichomeka kwenye spika yake ya dukani, nimegusa uzi mnene kwa dole gumba. Makopo ya bisibisi yalitembea mezani yenyewe. Mteja mmoja aliyekuja kuchaji simu aliweka mkono kifuani. Sauti nzito, ya duara, haina haraka. Sijawahi kutengeneza kitu ambacho nikikimaliza hakivaliwi na mtu mwingine kikaenda zake.

Ghislain aliuliza huu ni mti gani. Nimemwambia. Akatazama pembeni, akasema ana furaha kwamba ni nzuri.

Jumamosi, 7 Septemba

Mazoezi. Papa Chérubin aliigeuza mbele na nyuma akitafuta jina la kampuni. Aliponisikia alifunga kitabu, akamwambia wa kibodi mkono wa kushoto aupumzishe. Nitapiga yubile! Nimetembea nyumbani kwa miguu na besi mgongoni, nimepita makusudi njia ya soko.

Alhamisi, 12 Septemba

Aristide yuko hapa.

Alishuka saa nane kwenye lori la Nyunzu, amejaa vumbi, na begi moja. Nilikuwa ninapindia gauni la mtu. Nilisimama na pini mdomoni. Amenenepa, amependeza, lazima niseme. Nikampa maji ya kuoga, nikapika. Nilikuwa nimeshatayarisha utani wote wa kitanda.

Hakunipa nafasi. Alipomaliza kula alinawa mikono, akanishika ya kwangu, akaniambia hivi, ninaandika kama alivyosema:

"Fortunée, nakushukuru. Mwaka muzima nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, nikakosa kinywa. Baba mudogo aliniambia kwa simu, Fortunée ametosha kitanda inje. Nikajua weye njo umesema wa kwanza, ndoa imekufa."

Kuna mwanamke Kiambi. Nyumba wameshaiezeka. Aliyasema yote kwa upole, kama mtu anayetua gunia. Jumapili saa nne wazee watakaa kwa mama yake. Anaomba kitu kimoja tu, nije niseme mbele yao kwamba ni mimi niliyekivunja kitanda. Na nisipofika, baba mdogo ameshasema, watahesabu ni ndiyo.

Nikakusanya sahani. Yeye akafikiri nimekubali, akanigonga bega, akaenda kulala kwa mama yake.

Ijumaa, 13 Septemba

Hasira. Nimeshona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, nimefumua, nimeshona vilevile tena.

Amenishukuru! Mtu ana nyumba nyingine na anakuja kunishukuru, na mimi ndiye nibebe lawama mbele ya wazee, yeye mikono safi. Maneno mawili tu yanatosha kumrudisha: mbao tu. Nimemwambia hata mama yake, mwezi uliopita. Anashuhudia. Nikisema hivyo, ndoa ipo, na ni yeye atakayeeleza habari za Kiambi mbele ya baba yake mdogo. Ningependa sana kuuona uso wake.

Jumamosi, 14 Septemba

Bijou amekuja na mayai, ameuliza nitafanya nini. Ananishauri niende, nimwaibishe, kisha nimrudishe au nimfukuze, vyovyote, lakini kwanza nimwaibishe. Ni ushauri mzuri.

Lakini kuna jambo linanisumbua tangu juzi, na hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo ninaliandika. Siku ile nilitoa misumari kumi na sita. Nimeihesabu, iko kwenye kopo. Misumari kumi na sita, mmoja mmoja, kwa koleo. Ni saa nzima ya kazi. Na katika saa ile nzima sikujiuliza hata mara moja: akirudi, atalala wapi? Niliwaza mikro, nyuzi, vanishi. Yeye hakunipitia kichwani. Sikuwa na hasira naye. Sikumkumbuka tu.

Kwa hiyo nikisema mbao tu mbele ya wazee, sijui kama nitakuwa nimesema kweli. Imeniuma kuiandika hii.

Yubile ibada ni saa tatu. Wazee saa nne. Haviwezekani vyote viwili, Papa Chérubin ameweka nyimbo kumi na moja.

Jumapili, 15 Septemba

Saa mbili na dakika kumi. Nimevaa sare ya kwaya, niliyoishona mwenyewe, na leo inanibana kwapani.

Mama Françoise amekuja mwenyewe, peke yake, kabla ya saa moja. Hakukaa. Alisimama mlangoni amevua viatu.

"Kuya mbele ya wazee, useme njo mbao tu," aliniambia. "Nilisikia kwa kinywa yako. Nitasimama na weye, na ule mutoto wangu atarudia mu nyumba yake."

Nililia hapo, basi. Si kwa ajili ya Aristide. Nikamkumbatia, nikamwambia asante Mama. Alingoja niongeze neno lingine. Nikajifuta uso. Akaitazama besi ukutani, kisha akanitazama mimi, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akatoa kwenye pochi andazi moja lililofungwa gazeti, akaliweka juu ya cherehani, akaenda kuwapangia wazee viti.

Ghislain yupo nje na pikipiki, injini inanguruma. Bijou amekwisha kumweleza kila kitu, ninaona kwa jinsi anavyochunguza tairi ambalo halina shida. Nimemtolea besi. Ameuliza, bila kuniangalia, kama ninataka tupitie kwanza upande wa Mama Françoise, au vipi.

Nimemwambia kwanza aifunge vizuri, kamba mbili. Njia ya kanisani ina mashimo mengi.