Mjomba wa Sayari Tisa

Eldoret, upande wa Sugoi,
Mwezi wa saba, mvua haikatiki

Kwako Dada Rebeka,

Zipokee salamu zangu kwanza, kabla hujaanza kunilaumu. U mzima? Na shemeji, kile kifua chake kimemwachilia? Ng'ombe bado wanatoa maziwa au baridi imewakausha? Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala, lakini roho imenijaa mpaka hapa shingoni. Atakayekusomea barua hii asiruke mahali, hata pale ninaposema kwa hasira. Nimeandika nikijua ninachoandika.

Ujumbe wako umenifikia kwa mdomo wa yule fundi wa kushona aliyetoka huko nyumbani juzi juzi. Ameniambia Simiyu wako amekwisha shika kengele za jando, anazunguka kwa jamaa kuwaalika, na anacheza bila woga. Nilifurahi mpaka nikasimama. Kisha fundi akamalizia maneno yako: "Mwambie ndugu yangu, mtoto anauliza kama mjomba wake atakuwepo au hatakuwepo." Hapo nikakaa chini tena.

Najua unachouliza, Dada. Baba hayupo, kaka yetu mkubwa hayupo, mjomba aliyebaki ni mimi peke yangu. Siku moja kabla ya kutahiriwa, Simiyu atakuja kwangu na kundi lake lote likiimba. Mimi ndiye wa kumchinjia fahali, nimvike ile nyama ya kifua shingoni, nimtukane kidogo nione kama atatikisika, halafu nimwambie maneno ya mjomba. Asiponikuta atarudi shingo tupu, na unawajua watu wetu kwa kutunga nyimbo. Wimbo huo ataimbiwa mpaka azeeke. Tena wale ng'ombe walioletwa siku ulipoolewa ndio niliooa nao mimi. Sijasahau.

Sasa nikueleze kwa nini ruhusa haijapatikana. Utadhani ninatania. Dada, ninazuiwa na nyota.

Niliandikwa hapa niwe karani wa shamba. Kazi yangu ni kuandika magunia ya mahindi, maziwa yanayokwenda stesheni na watu waliofika kazini. Lakini Bwana Kapteni, mzungu mwenye shamba, tangu arudi vitani hana habari na mahindi. Fuko wanamaliza viazi, dumuzi wanatoboa mahindi ghalani, yeye anaandika kitabu, nami ndiye wa kukipiga taipu. Ni hadithi ya vita vya huko juu. Anasema zile nyota zisizometameta ni nchi kama hizi zetu, zinaitwa sayari, na kila moja ina watu wake, mfalme wake na askari wake. Sayari tisa zimefanya umoja wa jeshi ili zipigane na adui mmoja anayeitwa Kivuli, ambaye hutoka gizani mbali na kumeza nchi nzima nzima. Askari wa Umoja husafiri kwa meli za chuma zinazopaa. Usiniulize zinapaaje. Niliuliza, nikaambiwa nipige taipu.

Ili asisahau nani yuko wapi, amezipanga sayari zake juu ya meza ya kulia chakula. Sayari ni viazi. Jua ni boga. Kivuli ni sufuria kubwa nyeusi ya Shadraka mpishi, imefunikwa kifudifudi mwisho wa meza, na Shadraka haruhusiwi kuigusa hata akiwa na kuku wa kuchemsha.

"Karani," Shadraka aliniambia, "mimi nimepikia wazungu wengi. Mwingine alikuwa analewa, mwingine anarusha sahani. Lakini kunyang'anywa sufuria na shetani ya mbinguni, hiyo sijawahi ona."

Nilicheka siku hiyo. Siku hizi sicheki. Bwana aliniahidi kwa kinywa chake kwamba kitabu kikiisha nitakwenda nyumbani, nami niliona si neno, kitabu ni kitabu, kina mwisho. Kumbe ule Umoja hauwezi kupigana hata siku moja. Kila sayari inataka iongoze jeshi. Voruna ina meli nyingi, basi inataka bendera yake itangulie. Teshi ni ndogo, lakini ndiyo yenye mafuta, inasema pasipo yeye hakuna safari. Galimo imenuna kwa sababu mfalme wake alikalishwa karibu na mlango. Jumatatu napiga taipu kwamba Galimo imetoka kwenye Umoja na askari wake wote. Jumatano Bwana anachana karatasi, Galimo imerudi. Ijumaa imetoka tena. Kivuli kinaendelea kula watu, na wakubwa hawa bado wanabishana nani akae wapi. Vidole vyangu vinauma kwa ugomvi usio wangu.

Na kuondoka hivi hivi siwezi, maana kipande changu, kile cheti cha kazi, kimefungiwa kwenye mtoto wa meza yake. Asipokitia sahihi, mimi ni mtoro. Polisi wakinikuta stesheni bila sahihi hiyo, ninalala ndani.

Wiki iliyopita nikajipa moyo. Nikavua kofia, nikaingia.

"Bwana, mtoto wa dada yangu anatahiriwa mwezi ujao. Mimi ni mjomba wake. Lazima nifike."

"Hii mtoto ana baba?"

"Anaye, Bwana."

"Basi. Baba nafanya kazi ya baba. Wewe nafanya kazi ya taipu."

Dada, hapo ndipo nilipojikwaa kwa mguu wangu mwenyewe. Badala ya kunyamaza nikaanza kueleza. Nikamwambia baba ni mtu wa ukoo wake, na ndani ya ukoo kuna ugomvi, kila mmoja anataka asimame mbele siku ya mtoto. Lakini mjomba anatoka nyumba nyingine. Hataki shamba lao wala kiti chao, nao wamemchukua dada yake. Ndiyo maana akisema neno, baba wote wananyamaza, hata wazee wenye mvi. Mpaka yeye amvike mtoto ile nyama, hakuna wa kumpeleka mtoni kupakwa tope kabla ya kisu. Nikasema sisi Wabukusu tunamwita khocha.

Bwana alinitazama kinywa wazi. Nikasema moyoni, Mungu amemgusa. Akaruka, akakimbia mpaka jikoni, akarudi na kiazi kitamu kimoja chekundu, akakiweka katikati ya vile viazi tisa.

"Anko!" akapiga kelele. "Hii sayari ni anko!"

Hivyo ndivyo Umoja ulivyopata mjomba. Sayari ya kumi, ya zamani, maskini, haina meli za maana, lakini mama wa wafalme wote tisa walizaliwa huko. Ameipa jina Khocha, hivyo hivyo nilivyolitamka, hata ruhusa hakuomba. Na kweli, sayari zikatulia. Voruna ikakunja bendera yake. Galimo ikarudi na askari wake, ikakaa hapo hapo mlangoni bila kununa. Mambo yaliyomshinda tangu mvua zianze yakaisha kwa sababu ya mjomba.

Nikajua nimepona. Kumbe ndiyo nilikuwa ninajifunga kamba. Sasa Bwana hataki nitoke hata kwenda ghalani. Anko nakula nini? Anko navaa nini? Anko nakasirika namna gani? Kila ninachokijibu kinakuwa sura mpya ya kitabu, na kila sura inasogeza mwisho mbele.

"Ulienda kuomba ruhusa ukampelekea kazi," Shadraka akanisuta. "Nani alikutuma kusema?"

Arap Kirwa, nyapara wetu, ni Mnandi asiye na maneno mengi. Yeye alisema tu, "Ng'ombe ya maziwa haifunguliwi iende, karani. Ungekuwa dume ungekuwa umefika kwenu."

Walisema kweli wote wawili.

Jana ndiyo ilinimaliza. Bwana alikuwa anazunguka meza akisema, nami ninapiga. Ilikuwa ile sura ambayo mfalme kijana wa Teshi, kabla ya kwenda kupigana na Kivuli, anasafiri gizani mpaka Khocha kumwona mjomba wake. Anafika mlangoni, anaita. Mjomba hayupo. Amekwama nchi ya mbali, kazini. Kijana anasimama pale na watu wake nyuma yake, na hakuna anayemfungulia. Sauti ya Bwana ikakatika. Akatoa leso, akajifuta macho, akapenga.

"Maskini hii kijana," akasema. "Natoka mbali sana."

Mikono yangu ikasimama juu ya mashine. Nikasema, "Bwana, huyo kijana anaitwa Simiyu."

Akanitazama. Nakuapia niliona kama limemwingia. Halafu akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

"Ndiyo, ndiyo. Sasa sikiliza. Anko kwisha rudi, kwisha weka nyama hapa," akajigusa shingo, "nasema nini kwa kijana? Maneno gani?"

Nikashusha mikono mapajani. Akafungua meza, akatoa kipande changu, akakiweka katikati ya viazi, kalamu ikiwa juu yake.

"Wewe sema maneno, mimi natia sahihi. Leo. Wewe nakwenda kesho."

Dada, kile kipande kilikuwa karibu yangu kuliko sahani ya chakula. Ningenyoosha mkono tu. Unakumbuka siku yangu, mjomba wetu alivyonivuta kando akaniwekea mdomo sikioni? Wewe uliniuliza baadaye alisema nini, na ulinisumbua wiki nzima, sikukwambia. Mke wangu sijamwambia. Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii, na kwenye njaa ya huku na matusi ya huku ndiyo yaliyonishika mkono. Yana mwenyewe. Nikiyatoa kwanza mezani yapigwe taipu, apewe kiazi, Simiyu nitamwambia nini? Nitampa makombo?

Nilifikiri pia kumdanganya. Ningemwimbia mstari wa shule ya Jumapili, asingejua. Ulimi ukakataa. Sikutaka jambo lile liguse uongo katika kinywa hiki hiki nitakachompelekea mtoto.

"Siwezi, Bwana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ni ya mtoto."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alirudisha kipande ndani ya meza, akafunga kwa ufunguo. "Basi mimi nangoja," akasema. "Wewe nangoja. Umoja nangoja." Akaenda kunywa chai.

Nina hasira, Dada. Nina hasira naye na nina hasira na mdomo wangu. Lakini linaloniuma kuliko yote ni ile leso. Mtu anamlilia kijana wa kiazi mpaka kamasi zinamtoka, na wa kwetu, mwenye jina na mama, hamwoni. Angekuwa mkatili tu ningemzoea. Huyu ana machozi, ila hajui pa kuyapeleka.

Basi nimeamua, na usijaribu kunigeuza. Fundi anarudi nyumbani Ijumaa na barua hii. Mimi nitafuata nyuma, si kwa treni. Arap Kirwa amenionyesha njia ya kupitishia ng'ombe inayotokea upande wa Turbo, na amesema akiulizwa atasema tumbo linanikata. Najua kitakachofuata. Nitaitwa mtoro. Kazi itakwenda, na labda nitafungwa pia. Wakija kunikamata na waje, ila wakute nyama imekwisha vikwa. Baada ya hapo mikono yangu haina kazi nyingine, waifunge.

Mwambie mke wangu achague yule fahali mwekundu mwenye paji jeupe. Yule mweusi asimguse, ana mguu mbaya, nami sitaki mtoto avishwe nyama ya ng'ombe kiwete watu wakapata la kuimba. Pombe iwepo ya kutosha wazee. Mchungaji wa kanisa akinuna, anune, nitakwenda kumwona mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mwambie ajifunike kifua na aache kujifanya kijana. Nisalimie shangazi yetu mzee, na asinitolee machozi kabla sijafungwa. Wasalimie wasichana wako wote wawili, na yule jirani mpiga ngoma, mwambie ngozi ya ngoma yake aipashe moto vizuri safari hii. Mama mkwe wako msalimie pia, hata kama hajaniuliza.

Kuhusu ule Umoja, utafute mjomba mwingine. Kivuli kikiwameza wote tisa na boga lao, mimi sina la kusema. Simiyu naye mwambie hivi: afike kwangu, apige kengele zake kwa nguvu, na asichungulie mlangoni kuona kama nimo. Nitakuwa nimesimama nje.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
mjomba wa Simiyu,
Petro Khaemba