Fimbo Iliyochosha Mkono wa Baba

Neema, mjukuu wangu huko Kisangani,

Sisi hapa Keshero, Goma, tuko wazima. Shangazi yako amejifungua msichana, na jina bado hawajakubaliana. Unasema fimbo yako ya kuvulia inakuchosha mkono, na unataka kuikata ncha iwe nyepesi. Usiikate.

Tulipofika Goma, baba yangu alikuwa na kiganja kibovu, na kuvua ndiyo kazi pekee ya kwetu Masisi aliyobaki nayo. Nilimhurumia, nikaukata ncha mwanzi wake wa kuvulia. Siku nzima samaki walikula chambo bila yeye kuhisi.

“Mutoto, umekata masikio yake!” alisema, akauweka chini, akasema hatavua tena.

Kesho yake nikamletea mwanzi mzima. Nyuma ya mshikio nikafunga jiwe kwa mpira wa baiskeli.

“Muzee amechoka, na wewe unamuongezea muzigo?” mama akanicheka.

Nikalisogeza jiwe mpaka mwanzi ukatulia juu ya kidole kimoja, pale baba anaposhika. Uzito ulikuwa umeongezeka, lakini aliushika kwa vidole vitatu tu, bila kukunja uso. Alipotupa ndoano ziwani, mama alitaka kutania tena, mara ncha ikatikisika kidogo.

“Nyamaza, mama,” baba akanong'ona. “Kuna mutu anapiga hodi.”

Koko wako