Mashine Niliyoiweka Mbele ya Seva Yako

Yaya Paluku, kaka yangu,

Tangu tukuzike, mimi Kavira ndiye niliyebaki na seva yako hapa biro ya parokia, Butembo. Nimekalia kiti chako. Sijakizoea.

Unakumbuka tulivyobishana? Programu yako ya kutafuta watu waliopotezana wakikimbia vita ilikuwa imezeeka hata ulipokuwa hai. Simu mpya zilikataa kuifungua. Na kweli haikuwa salama: majina ya watu yalipita njiani wazi, mwenye nia mbaya angeweza kuyasoma. Mimi nilitaka tuiandike upya. Wewe ukacheka, ukasema: "Huyu muzee usimuguse. Umuwekee mutu ku mulango." Kisha ukashika njia ya Kasindi kuchukua vifaa, gari lenu likashambuliwa, na ni maiti yako tuliyoipokea.

Baada ya matanga nikafanya ulivyosema, peke yangu. Niliweka mashine mpya mbele ya muzee, yaani seva yako. Maulizo yanaifikia yakiwa yamefungwa, hakuna wa kuyasoma njiani. Inayafungua, inampelekea muzee, inarudisha jibu. Siku ya kwanza parokia zote zilifungua programu bila shida, toka Lubero mpaka Mulekera. Nilitoka nje nikalia, kwa kuwa hukuwepo wa kuona.

Yaya, sasa nikuambie nilichoharibu.

Muzee alikuwa anaandika, kando ya kila ulizo, namba ya mashine iliyouliza. Kwa namba hiyo tulijua mwenye kutafuta yuko parokia gani. Mimi sikuiambia mashine ya mbele impelekee namba hiyo. Basi kwa wiki tatu, machoni pa muzee, maulizo yote yalitoka mahali pamoja: kwenye ile mashine yangu. Ningeweza kuzisoma namba za kweli katika kumbukumbu za mashine yenyewe, lakini nilikuwa nimezizima. Diski ilikuwa ndogo.

Ndipo akaja Kahindo. Ana miaka kumi na sita, alitoka porini na miguu imevimba, akapanda mpaka hapa na wakimbizi wengine. Niliandika jina lake na la mama yake. Jibu likatoka palepale: mama yake yu hai, alikuwa amemtafuta siku tisa kabla. Kahindo akashika meza kwa mikono miwili. Akaniuliza: "Mama aliuliza akiwa wapi?"

Nikatazama namba. Ilikuwa ya mashine yangu.

Nimepigia simu parokia zote. Kila mahali wananiambia vilevile: wamama wanaokuja ni wengi, hatuandiki kwenye karatasi, si programu inaandika? Kasindi wanadhani wengine walivuka mpaka kwenda Uganda. Mama yake hajauliza tena. Labda alijibiwa "hakuna" akaamua mtoto amekufa.

Kosa nimelirekebisha. Ni mistari miwili tu, Yaya. Sasa namba zinapita vizuri, lakini zile za wiki tatu hazitarudi kamwe. Na si Kahindo peke yake. Wengine hata sijui ni nani.

Mke wako amemchukua Kahindo, analala kwenu Mususa. Kila asubuhi anakuja biro, anakaa kwenye benchi mpaka tunafunga. Anadhani ni rezo, mtandao, iliyokatika siku ile, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Nilikosa nguvu ya kusema lingine, na toka hapo ananishukuru kila anapoondoka. Hicho ndicho kinachonimaliza.

Matumaini sina, sitakudanganya. Nitaendelea kupiga simu kila Jumatatu, hata kama wananichoka. Na kesho Kahindo akija, kabla hajakaa, nitamwambia kwamba haikuwa rezo, ni mimi.

Wasingya, asante kwa yote, Yaya. Pumzika.

Kavira